Kufuli la Masjala na Kufuli la Kompyuta

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Newala

Mmetuomba tuzungumze juu ya kazi tuliyoifanya miaka mingi, yaani kuongoza na kulinda kompyuta za umma. Tunajua wengine mtasema: "Hayo ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam. Sisi tuna mikorosho." Basi na tuanze na korosho.

Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi. Zinapimwa, anapewa stakabadhi. Korosho zinakwenda ghalani, zinauzwa kwa mnada, na hela inaingia benki kwa jina lake. Mpango huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwetu mwaka 2007. Zamani jina la mkulima na kilo zake vilikaa katika daftari. Siku hizi vinakaa katika kompyuta pia.

Sasa je, mtu akiingia humo kwa siri, akabadili namba ya akaunti? Hela itakwenda kwa mwingine. Mkulima atabaki na stakabadhi mkononi na mfuko mtupu. Mtu wa kangomba tulimjua, tulimwona akipita na kibakuli chake. Mwizi huyu hapiti njiani. Pengine hajapata hata kuiona Newala.

Sisi tulianza kazi ya serikali katika masjala. Kazi yetu ilikuwa kulinda mafaili. Faili likitoka, tuliandika: nani kalichukua, siku gani, na kalirudisha lini. Chumba kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Kompyuta zilipokuja, tulidhani mambo hayo yamekwisha. Tukasema, "Hiyo ni kazi ya mafundi." Hapo tulikosea.

Katika ofisi moja tuliyofanya kazi, mkubwa alikuwa akisafiri mara kwa mara. Akampa karani neno lake la siri ili kazi isisimame. Karani akampa mwenzake. Mwisho neno lile likaandikwa kwenye karatasi, likabandikwa ukutani. Siku moja tukakuta malipo yameandikwa mara mbili. Nani kaandika? Kompyuta ilisema ni mkubwa, na mkubwa siku hiyo alikuwa safarini. Watu wote wakamgeukia fundi. Lakini fundi alikuwa hana kosa. Kosa lilikuwa letu sote tulioiona karatasi ile ukutani tukanyamaza.

Nchi yetu nayo imejifunza kwa taabu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuweka hesabu za serikali kwa kompyuta iliharibika, na wataalamu wenyeji walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta kuingizwa nchini. Zuio hilo lilikuja kuondolewa. Mwaka 2003, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, nchi ilipata sera yake ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano.

Yuko Mtanzania mmoja ambaye safari yake inatufundisha, naye ni Dakta Jabiri Bakari. Mwaka 2007 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stockholm, huko Sweden. Alichunguza namna ya kulinda kompyuta katika mashirika ya nchi kama yetu. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: ulinzi si kazi ya fundi peke yake, ni kazi ya uongozi. Wakubwa na mafundi lazima waelewane. Wakala ya Serikali Mtandao ilipoanza mwaka 2012, yeye ndiye aliyeiongoza. Mwaka 2019 Bunge lilitunga Sheria ya Serikali Mtandao, na Wakala ikawa Mamlaka. Baadaye aliongoza Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA.

Kazi yenyewe ikoje? Mkiiangalia vizuri, ni ile ile ya masjala na ya chama chenu.

Kwanza, kila mtu awe na neno lake la siri, asimpe mwingine, hata mkubwa wake.

Pili, anayeandika malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Ndiyo maana hundi ya chama hutiwa sahihi na zaidi ya mtu mmoja.

Tatu, iwekwe nakala ya kumbukumbu zote mahali pengine. Mkulima mwenye akili haweki mbegu yake yote katika ghala moja, maana moto ukiwaka atapanda nini?

Nne, kompyuta iandike nani kaingia na kafanya nini, na kiongozi asome maandishi hayo. Daftari lisilosomwa halimkamati mwizi.

Kijana anayetaka kazi hii asizikimbie hesabu shuleni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha ulinzi wa mitandao. Nasi wazazi tusiseme kazi hii ni ya wavulana. Binti anayeweza kutunza daftari la kikundi bila senti kupotea ana moyo wa kazi hii.

Lakini mlinzi wa kwanza ni ninyi wenyewe. Msimu mmoja jirani yetu alikuwa amepata hela ya korosho. Alitaka kumtumia mwenye duka hela ya bati. Simu ikalia, ujumbe ukasema: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mzee akasoma vizuri kabisa, herufi kwa herufi. Akatuma. Bati hazikuja, na mvua zikamkuta na makuti yale yale. Mnaona? Mwizi hakujua habari za bati. Ujumbe kama huo hutumwa kwa watu wengi, na hapakosi mmoja ambaye siku hiyo ana hela ya kutuma.

Kwa hiyo, ujumbe wa namna hii ukija, usitume kitu. Mpigie yule unayemdai au anayekudai, kwa namba yake unayoijua. Ujumbe wenyewe upeleke namba 15040, ndiyo ya kuripoti matapeli. Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu mara moja. Namba yako ya siri usimtajie mtu, hata akisema anatoka benki. Ukiibiwa, nenda polisi bila haya, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Na katika mkutano wa chama, simama uulize: "Majina yetu yako kwenye kompyuta ya nani? Nani anaweza kuyabadili? Nakala iko wapi?"

Ndugu zetu, mlipojifunza kusoma, mliweza kulitazama daftari la chama na kusema: "Hapa kilo zangu zimepungua." Siku ile mtu wa mzani alianza kuwaheshimu. Mwenye kompyuta naye ataanza kuwaheshimu siku mtakapouliza.