TSAVO INA MABWANA WANGAPI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya nchi ya Tsavo. Msidhani kwamba tumekuja kuwahadithia habari za simba na watalii. Hii ni habari ya kazi yetu sisi tunaotengeneza njia ya reli kati ya Mtito Andei na Voi, tena ni habari ya kodi ambayo kila mmoja wetu hukatwa mwisho wa mwezi.

Reli ndiyo iliyotangulia. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwala wajenzi wake. Mbuga ya taifa ilifuata mwaka 1948, ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Leo sheria ni ile ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo, mbuga za taifa kama Tsavo zimo mikononi mwa Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, na zile hifadhi za namna ya Maasai Mara hutunzwa na serikali ya kaunti. Mtu akisoma hapo atasema, basi, Tsavo ina bwana mmoja, shauri limekwisha.

Lakini sisi tunaotembea kwa miguu tunaona mengine. Reli ziko mbili, ile ya zamani na hii ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017, nazo ni za Shirika la Reli. Barabara kuu ya Mombasa ina shirika lake. Maji ya chemchemi za Mzima, ambazo zimo ndani ya Tsavo Magharibi, huenda kwa bomba mpaka Mombasa, nayo ni shughuli ya watu wa maji. Bomba la mafuta lina wenyewe, nyaya za umeme zina wenyewe. Kisha iko kaunti ya Taita Taveta, ambayo ardhi yake yapata asilimia 62 imo ndani ya mbuga. Viongozi wa kaunti hiyo wamedai kwa miaka mingi wagawiwe fedha zinazokusanywa langoni, na sisi hatuwacheki. Kama zaidi ya nusu ya shamba lako imekatazwa jembe, utakula nini?

Kila shirika lina bajeti yake, malori yake na bodi yake. (Viti vya bodi havipungui hata mwaka wa njaa.) Wazee wa pwani walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha wote wanalipwa na mfuko mmoja wa umma, na bado hawaulizani njia.

Tazameni tuta la SGR. Limejengwa juu, na chini yake yameachwa mapito ili tembo wavuke. Hilo ni jambo jema, na tembo wanayatumia. Pembeni kuna ua. Tembo akiubomoa ua usiku, asubuhi anayeona kwanza ni mtu wa genge la reli. Ua ni wa reli, mnyama ni wa KWS, na ng'ombe walioingia kwa sababu ya ukame ni wa jirani, ambaye ni raia wa kaunti. Nyapara anapiga simu. Anaambiwa jambo hilo si la ofisi hii, jaribu ile. Na wakati simu zinazunguka, treni inakuja.

Juu ya fedha tuseme wazi. KWS hupata fedha langoni kwa wageni, nyingine kutoka Hazina ya serikali, nyingine kwa wafadhili. Ilipokuja corona mwaka 2020 wageni hawakuja. Tembo hawakuacha kunywa maji kwa sababu lango ni tupu, na mwenye bunduki ya ujangili hakwenda likizo. Mwezi wa Mei mwaka huo serikali ilitangaza shilingi bilioni 1 kwa kuajiri walinzi 5,500 wa vijijini chini ya KWS, na bilioni 1 nyingine kwa hifadhi 160 za jamii. Tulifurahi, maana hao walinzi ni wafanya kazi kama sisi. Lakini kazi ya ulinzi haina mwisho. Yafaaje mshahara wake utegemee msiba au hisani? Fedha hizo ziwekwe katika makadirio ya Bunge kila mwaka, na mshahara wa mlinzi usishuke na kupanda pamoja na hesabu ya watalii.

Sasa tuje kwenye neno lililotuuma. Sheria ya mwaka 2013 imetaja fidia kwa mtu aliyeuawa na mnyama kuwa shilingi milioni 5, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Madai huanzia kwenye kamati ya kaunti, kisha hupelekwa wizarani, na watu wengi wamengoja miaka. Pia iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomfunga mwajiri. Je, mtu wa genge akikanyagwa na tembo huku akibeba mataruma, ni wa sheria ipi? Mwenzetu mmoja aliyevunjwa mguu alipeleka karatasi ofisi ya kwanza, akaambiwa huyu ni mnyama, nenda kule. Ofisi ya pili ikamwambia hii ni ajali ya kazi, rudi ulikotoka. Alikuwa akienda kwa magongo, na nauli ni yake.

Kwa hiyo tunaleta maombi haya mbele ya tawi. Katibu aandike barua moja, nakala ziende kwa mashirika yote tuliyoyataja na kwa kaunti, tuulize kila kipande cha ua kati ya Mtito Andei na Voi kinatengenezwa na nani na kwa fedha ya kifungu gani. Tunataka jina la ofisa na namba yake ya simu, zibandikwe stesheni. Tena mwanasheria wa chama atueleze kwa maandishi habari za zile sheria mbili za fidia kabla ya mkutano ujao. Mwanachama aliyeumizwa na mnyama akiwa kazini, alete karatasi zake kwa Katibu, hata kama ni za zamani, hata kama alikwisha kukata tamaa.

Sasa Mwenyekiti atapokea maswali.