Mawe ya fosfeti, asidi ya betri na kasha letu
(Maneno ya timu ya mashamba kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

Kamati imetuomba tuseme juu ya pendekezo lililoko mezani: pesa ya kasha inunue unga wa mawe ya fosfeti kutoka ng'ambo ya ziwa, inunue na asidi ya betri, tujitengenezee mbolea hapa hapa Baraka. Tuseme wazi tangu mwanzo: unga tunaukubali kwa masharti, asidi tunaikataa. Sababu tutaeleza, maana pesa ni yenu na mashamba ni yenu.

Wengi mmerudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, na jina la Minjingu huenda mlilisikia kule. Ni kilima karibu na Ziwa Manyara. Zamani sana maji ya ziwa lile yalikuwa juu na kilima kilikuwa kisiwa. Ndege wala-samaki walitua pale, mavi yao na mifupa ya samaki ikarundikana mpaka ikawa mwamba. Kwa hiyo, wandugu, ni mifupa ya samaki, si mbali na ndagala wetu. Waliougundua mwamba ule miaka ya 1950 walikuwa wakitafuta urani, na serikali ya Tanzania ikaanza kuchimba fosfeti mwaka 1983. Urani kidogo imo kweli, njo maana tunasema anayemwaga unga ule afunge kitambaa puani na asiache watoto wacheze nao.

Sasa, jiwe liko na fosforasi, lakini mmea hauwezi kuila. Imefungwa pamoja na kalsiamu na florini, na maji ya mvua peke yake hayaifungui. Mwingereza John Bennet Lawes alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1842 kwa kumwagia vitu vya namna hii asidi ya salfa. Asidi inachukua kalsiamu, inatengeneza jasi, na fosforasi inabaki katika hali ya kuyeyuka majini. Hiyo njo superfosfeti. Ukitumia asidi ya fosforasi badala ya ile ya salfa, unapata TSP, ile mnayoona sokoni ikiandikwa 46 kwenye mfuko.

Inaonekana rahisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Tani moja ya mawe mazuri inataka karibu kilo 600 za asidi kali ya kiwandani. Asidi ya betri ni kama theluthi moja tu asidi, inayobaki ni maji. Kwa hiyo mtahitaji zaidi ya tani moja na nusu ya asidi ya betri kwa tani moja ya unga, na mwisho mtapata uji, si mbolea ya kutia katika mfuko. Nani atakausha uji ule, na kwa kuni gani? Tena wakati asidi inapokutana na mawe, gesi yenye florini inatoka. Viwanda vina mabomba ya kuikamata gesi hiyo. Sisi tuna bati na ukuta wa udongo, na jirani ana mtoto mchanga. Hatutasimamia kazi hiyo, hata kama mtu ataleta asidi ya bure.

Kuna na jambo la mawe yenyewe. Mawe mengi ya Afrika ya Mashariki ni ya daraja la chini, yaani fosfeti ni kidogo na uchafu ni mwingi. Chokaa ikiwa nyingi inakunywa asidi yako kabla haijafika kwenye fosfeti, na povu linapanda kama maziwa yanayochemka. Chuma na alumini zikiwa nyingi, zinaikamata tena fosforasi uliyokwisha kuifungua. Magnesi inafanya mbolea iwe na unyevu na kushikamana. Njo maana pale Tororo, Uganda, ambako mawe yametoka katika volkano ya kale na yana chuma tele, kazi ya kwanza ni kusaga, kuosha na kutoa chuma kwa sumaku. Asidi inafuata baadaye. Na Tanga, Watanzania walifungua kiwanda kikubwa cha mbolea mwaka 1972, kiko baharini, na malighafi nyingi zikawa zinatoka nje kwa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Ikiwa nchi nzima ilishindwa kubeba gharama hiyo, kasha letu litaibebaje?

Basi kwa nini unga tunaukubali? Kwa sababu udongo mchachu unafanya sehemu ya kazi ya asidi, bila malipo. Mawe ya Minjingu ni laini kuliko ya Tororo, na katika udongo mchachu yanafunguka pole pole. Magharibi ya Kenya, upande wa Maseno, watafiti waliyajaribu miaka ya 1990 pamoja na majani ya tithonia, yale maua ya manjano yanayofanana na alizeti, yanayoota kando ya njia zetu pia. Unga unaleta fosforasi, majani yanaleta nitrojeni na potasi. Unga peke yake katika shamba lisilo na nitrojeni utawavunja moyo.

Lakini ardhi ya mlima wa Fizi na ardhi ya mchanga kando ya ziwa haziko sawa. Pasipo uchachu, unga utakaa chini kama mchanga mwingine. Na anayemwaga majivu au chokaa shambani asitie unga wa fosfeti humo humo msimu ule ule, maana anaua uchachu unaoufungua.

Wafadhili wametuuliza kama pesa itarudi ndani ya msimu mmoja. Hapana, si yote. TSP inasaidia upesi, kisha udongo wetu mwekundu unaikamata sehemu kubwa. Unga unaanza taratibu na unaendelea misimu inayofuata. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja asinunue unga, mwenye shamba ndiye atakayefaidika.

Tunachoomba kamati ipitishe leo ni mifuko michache tu, kwa mashamba ya majaribio ya muhindi na maharagi. Kila shamba liwe na mistari minne: bila kitu, tithonia tu, tithonia na unga, tithonia na TSP. Mavuno yapimwe kwa mizani mbele ya wanachama.

Kabla ya hapo tunataka udongo. Chimbeni sentimita 20, sehemu kumi za shamba, changanyeni, kausheni kivulini, leteni nusu kilo katika mfuko safi wenye jina la mwenye shamba na la mtaa. Tutaupeleka Bukavu kupimwa. Mifuko ifike ofisini kabla ya mwezi wa nane kwisha, maana mvua ya mwezi wa tisa haitatungoja.