Mwendo, Kasi na Mchapuko: Istilahi za Fizikia na Mantiki ya Lugha ya Kila Siku



Msikilizaji anayeletewa hesabu za fizikia katika mhadhara wa Kiswahili ana haki ya kushangaa. Hata hivyo, dai langu ni la kiisimu: mwanafunzi wengi tunaodhani wameshindwa kukokotoa, wameshindwa kwanza kusoma swali.

Tuanze na neno mwendo. Tunaposema kijiji fulani ni mwendo wa saa tatu, tunataja umbali kwa kipimo cha muda. Tunaposema gari lina mwendo mkali, tunataja wepesi wake. Na mtu mwenye mwendo mzuri husifiwa tabia. Kwa hiyo mwanafunzi anayeulizwa "mwendo ni kiasi gani?" akajibu "saa tatu" hajakosea Kiswahili, amekosea fizikia tu. Ndiyo sababu wanaistilahi walihitaji neno mwendokasi, yaani umbali uliogawanywa kwa muda. Tangu mwaka 2016, neno hilo limekuwa pia jina la mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam. Leo abiria husema "mwendokasi imesimama" bila kuona kinzani yoyote, ilhali kwa mwalimu wa fizikia kilichosimama kina mwendokasi sifuri.

Neno la pili ni saa. Chukueni swali hili: basi liliondoka saa 5 asubuhi, likafika saa 8 mchana, baada ya kwenda kilomita 180. Muda ni saa 3, na wastani wa mwendokasi ni kilomita 60 kwa saa. Lakini mwanafunzi aliyezoea saa ya Kiswahili nyumbani na ya Kiingereza kwenye tiketi anaweza kugeuza wakati wa kufika tu. Saa 8 ikawa 14, akatoa 5, akapata 9. Basi lake sasa linakwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo wa baiskeli! Utoaji wake na ugawaji wake ni sahihi. Kosa limo katika kuchanganya vianzio viwili vya kuhesabia siku, kimoja alfajiri, kingine usiku wa manane.

Neno la tatu, mchapuko, ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Limetokana na kuchapuka, ambako katika mazungumzo ni kwenda upesi. Katika fizikia, mchapuko si upesi, bali ni kiwango cha kubadilika kwa velositi. Tuseme treni inaondoka kituoni ikiwa imetulia, na baada ya sekunde 80 inafikia kilomita 144 kwa saa, yaani mita 40 kwa sekunde. Gawanya 40 kwa 80: mchapuko, ukiwa haubadiliki, ni mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde. Wastani wa mwendokasi ni mita 20 kwa sekunde, hivyo umbali uliokwisha kupitwa ni mita 1,600. Baada ya hapo treni ikishika mwendokasi huohuo katika reli iliyonyooka, mtaani tutasema "inachapuka kwelikweli". Maabara itasema mchapuko wake ni sifuri. Kauli zote mbili ni Kiswahili safi.

Wapo wanaohitimisha kwamba lugha yetu haifai kwa sayansi. Hoja hiyo haina mashiko. Kila lugha huchota istilahi zake katika kisima cha maneno ya kawaida, kisha huzipunguzia maana. Kinachohitajika ni kumwonyesha mwanafunzi mpaka ulipo. Kamusi sanifu humpa fasili. Haimwambii kwamba neno hilohilo, alilolelewa nalo, limebadilishiwa kazi.

Nawaomba walimu wa Kiswahili na wa fizikia waketi meza moja. Kabla ya kuandika "amekosa" pembeni mwa jibu, tumuulize mwanafunzi alilielewaje swali. Huenda tukagundua kwamba hesabu aliijua, ila sisi hatukumfundisha lugha yake.