Dawa Moja, Majina Mawili

(Maneno ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Kasulu)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya dawa. Mtu atauliza, dawa na hisa wapi na wapi? Fungueni daftari la mfuko wa jamii mtaona. Wengi waliokuja kuomba fedha za dharura walikuja kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Na sehemu ya fedha hizo ilipotea bure, kwa kutojua jambo moja dogo: dawa moja huwa na majina mawili.

Jina la kwanza ni la dawa yenyewe. Jina la pili ni la biashara, analoipa mtengenezaji. Parasetamoli ndiyo dawa. Panadol ni jina la biashara. Ni kama maharage ya hapa sokoni. Mmoja anayauza kwenye gunia, mwingine ameyafunga kwenye mfuko wenye picha, lakini chunguni ni maharage yale yale.

Kampuni iliyogundua dawa mpya hupewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa. Hivyo havikugharamia utafiti wa mwanzo, ndiyo maana bei hushuka. Kwa hiyo bei ndogo siyo lazima dawa mbaya. Hapa nchini dawa lazima isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kabla ya kuuzwa. La muhimu nunua duka lenye kibali, tazama tarehe ya kuisha, na usipokee vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina.

Lakini siyo fedha tu. Dada yangu ana presha, alikuwa anameza amlodipini. Siku moja akapewa vidonge vya kiwanda kingine: rangi nyingine, na jina lingine kubwa juu ya boksi. Akadhani ameongezewa dawa. Akameza vipya pamoja na vya zamani alivyobakiza. Siku ya nne akaanguka shambani akipalilia. Kumpima, presha imeshuka mno. Jioni tukatandaza maboksi mkekani tukasoma yale maandishi madogo: kote amlodipini! Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza. Alipona. Yupo hapa, mstari wa pili, na ameniruhusu niseme.

Kwa watoto ni vivyo hivyo. Mama anampa mtoto Panadol, shangazi anafika na Sheladol. Zote parasetamoli, na ikizidi huharibu ini. Hata mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Sasa malaria. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha watoto wapatao 24 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 mkoani kwetu Kigoma walikuwa na vimelea. Hata hivyo siyo kila homa ni malaria, pima kwanza. Dawa ya mseto ni artemeta na lumefantrini. Coartem ni jina mojawapo la biashara. Boksi lingine lenye majina hayo mawili ni dawa ile ile. Dozi ni mara 6 kwa siku 3, na ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Kula chakula chenye mafuta, hata mawese yetu, ili dawa iingie vizuri mwilini. Usiache njiani kwa kuwa umepata nafuu. Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, usihangaike na duka, kimbia hospitali.

Mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. Kukiwa na damu, au akilegea, apelekwe haraka.

Akina mama, naomba tuondoke na maswali matatu ya kuuliza kila tunapopewa dawa. Jina la dawa yenyewe ni lipi? Nimeze kiasi gani, na mpaka lini? Je, inapatana na hizi ninazotumia? Na maboksi ya zamani njoo nayo mkononi.

Tena natoa pendekezo kwa Mwekahazina: kabla mfuko wa jamii haujalipia dawa, tuangalie cheti, tuulize bei kwa jina la dawa yenyewe. Sanduku letu lina funguo tatu. Swali hili liwe la nne.