Mtoto Asiyepatana na Maziwa ya Ng'ombe: Tunampikia Nini?

(Maelezo ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi, Nangara)



Mambo ya hisa, mikopo na marejesho mweka hazina ameshayasoma, hatuyarudii. Tumeombwa tueleze jambo moja lililotoka kwenye mfuko wa jamii, maana wengi walichanga bila kujua vizuri fedha ile ilikwenda kufanya kazi gani.

Hapa kwetu Babati maziwa ni heshima. Awe Mwiraqw, Mgorowa, Mbarbaigi au Mrangi, mgeni hupewa maziwa, mzazi hupewa maziwa, na mtoto akifika miezi 6 uji wake unapikwa kwa maziwa. Sasa mtoto wa mwenzetu alipoanzishwa uji huo, midomo ilivimba, mwili ukatoka vipele, akatapika, na choo kikawa na damu. Maneno yakaanza. Huyu anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Yule anasema ni kimeo, kikatwe. Jamani, mtoto wa miezi 6! Mambo hayo yanaleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata kifo. Kikundi kilikaa jioni hiyohiyo, wenye funguo tatu za sanduku wakapatikana wote, mama akapewa nauli na fedha ya matibabu.

Daktari alituelewesha kwamba ule ni mzio, wengine wanaita aleji. Mwili wa mtoto unaichukulia protini ya maziwa ya ng'ombe kama adui, unapigana nayo. Kuchemsha sana hakuiondoi. Mtindi unayo, samli inaweza kubaki nayo. Maziwa ya mbuzi nayo siyo dawa, kwa sababu protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Tunalisema hili kwa nguvu, maana ushauri wa mbuzi ndio unaotolewa kila kona. Ila mama asijipimie mwenyewe nyumbani, kuharisha kuna sababu nyingi. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, hapo hakuna kusubiri kuche, ni hospitali.

Ziwa la mama halikatizwi. Linaendelea mpaka miaka 2 na zaidi. Wapo watoto wanaodhurika hata na maziwa anayokunywa mama, kwa hiyo daktari anaweza kumwambia mama ayaache yeye, siyo amwachishe mtoto.

Tuje jikoni. Uji wa maji mtupu unajaza tumbo bila kumjenga mtoto, na mtoto asiyekunywa maziwa hawezi kuishi kwa uji huo. Ukiupika mzito, hameza. Hapo ndipo kimea kinaposaidia (kimea, siyo kimeo!). Taasisi ya Chakula na Lishe imekuwa ikikieleza tangu miaka ya 1980, na bibi zetu walikijua kwa ajili ya pombe. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 mpaka 3 uchipue, uanike juani ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, kisha usage. Pika uji mzito, uepue, upoe mpaka uwe vuguvugu, tia kijiko kidogo cha kimea, koroga. Utaona wenyewe unalainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke kidogo. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi, na wengi wanashindwa hapo.

Ndani ya uji tia karanga zilizosagwa laini sana na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti. Chakula kipya kianze kimoja kimoja, umwangalie siku chache kabla ya kuleta kingine. Mahindi na karanga vyenye ukungu visikaribie chungu cha mtoto. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hatujasahau.

Mchana ponda mbaazi. Zilale kwenye maji, zichemke mpaka ziive kabisa, menya maganda, changanya na boga au kiazi kitamu cha njano. Siku nyingine yai lililoiva, au sato wa ziwa letu, miiba itolewe kwa vidole siyo kwa macho. Dagaa waliokaushwa vizuri wakasagwa unga wanampa madini ya mifupa ambayo angeyapata kwenye maziwa. Parachichi halihitaji hata moto. Anza na vijiko 2 au 3, uongeze pole pole mpaka nusu kikombe. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, miezi 9 hadi 11 mara 3 au 4, na ziwa juu yake.

Mwiko uliokoroga chai ya maziwa usiingie kwenye sufuria yake. Biskuti, mkate na maandazi ya dukani mara nyingi vina maziwa ya unga, mwenye kusoma amsomee asiyejua. Na mabibi, tunawaomba kwa heshima, msimwonjeshe "kidogo tu".

Watoto wengi mzio huu huwaacha wakikua, lakini kumjaribu tena ni kazi ya daktari. Wa kwetu alijaribiwa hospitali alipofika miaka 3, na sasa anakunywa.

Tangu siku ile tumekubaliana kwamba mama mwenye mtoto wa namna hii asingoje kikao. Aende kwa mweka hazina moja kwa moja, hata usiku. Kimea kinasagwa kila mwezi na kinauzwa kwa wanachama kwa bei ya kusagia tu.

Zile sufuria mbili pale kivulini, moja ni uji wa kimea, nyingine mbaazi na boga. Vijiko viko kwenye beseni. Onjeni kabla ya pilau.