Bitana ya Dari ya Pikapu Kuukuu

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za kazi ambayo watu huitazama kwa dakika moja, lakini fundi huihangaikia siku mbili, nayo ni kutia bitana mpya katika dari ya pikapu kuukuu.

Huenda mmoja wenu akauliza: Bitana ina faida gani, na gari huenda hata bila hiyo? Kweli, huenda. Lakini yeyote akaaye chini ya bati tupu adhuhuri, katika jua la Dar es Salaam, atapata jibu kabla hajaumaliza Mtaa wa Msimbazi. Joto humshukia kichwani na kelele za njia humziba masikio.

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, na mpaka leo mtaa ule haujaacha kazi ya kubeba. Huko ndiko kijana mmoja alikoniletea pikapu ya Peugeot 404, ndugu wa zile motokaa zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Aliirithi kwa baba yake, mchuuzi wa samaki pale Feri. Bitana ilikuwa imelegea hata ikimgusa kichwani.

Tulipoitoa, tuliona kutu juu ya kiti cha dereva, na tundu dogo karibu na mfereji wa maji. Kijana akasema, "Fundi, funika tu. Kesho alfajiri natakiwa Feri, na juu ya bitana nani ataona?"

Nikamjibu, "Mwanangu, maji yataona."

Hakupendezwa. Wala sikumlaumu, kwa maana siku moja bila gari ni siku moja bila chakula. Lakini mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Katika ujana wangu nilipata kufunika kutu ya mteja aliyekuwa na haraka. Masika ilipofika, bitana ilifanya doa kama la chai, kisha ikaoza. Fedha zake nilimrudishia, lakini jina langu sikuweza kulirudisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi tukaikwangua kutu, tukachomea kiraka, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Siku ya pili ndipo tulipoanza bitana yenyewe. Sikilizeni taratibu yake.

Dari za namna hii hutundikwa juu ya fito za chuma, kama paa la nyumba. Kila ufito una upinde wake, kwa hiyo utiwe namba kabla ya kutolewa. Ukiubadilisha mahali, dari haitanyoka kamwe. Bitana ya zamani isitupwe. Ifumuliwe mishono, itandazwe juu ya kitambaa kipya, na ichorwe kwa chaki, huku ukiacha ziada ya vidole vitatu pembeni. Kisha hushonwa vifuko vyembamba vya kupitishia fito.

Vioo vya mbele na nyuma hutolewa pamoja na mipira yake. Kitambaa huanikwa juani kipate kulainika. Fito zikiisha kupachikwa, kitambaa huvutwa kwanza mbele na nyuma, na kushikwa kwa vibanio. Ndipo huvutwa kuume na kushoto, kidogo kidogo, ukianza katikati na kuelekea pembeni. Mkunjo ukitokea, usilazimishe. Legeza, kisha vuta tena.

Gundi hupakwa pande zote mbili, juu ya chuma na juu ya kitambaa, huachwa hata isinate kidoleni, ndipo hugandamizwa. Milango yote iwe wazi, na moto wala sigara visikaribie, kwa maana mvuke wa gundi hulevya, tena huwaka upesi. Ziada isikatwe mpaka kazi yote imenyoka. Kitambaa kilichokatwa hakiungiki bila kuonekana.

Jioni kijana alikuja. Akatazama juu, akapitisha kiganja, asione mkunjo hata mmoja. Hakusema neno, akalipa, akaenda zake. Masika iliyofuata alirudi. Nikadhani ameleta lawama, kumbe ameleta mwenzake mwenye pikapu yenye dari iliyolegea. Akamwambia mbele yangu, "Huyu atakuchelewesha siku moja. Mwachie akucheleweshe."

Wasikilizaji wangu, mimi sijapata sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Nanyi wanafunzi mnaojifunza kazi za mikono, kumbukeni kwamba mteja hulipa kwa kile anachokiona, lakini hurudi kwa sababu ya kile asichokiona.