Jembe la Mgeni Lina Kibali Chake

(Haya ni maneno ya mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Shinyanga.)



Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, na hivi leo ni vigumu kumpata mtu mzima katika nchi hii asiyeujua. Maana yake ni njema. Mgeni asigeuke kupe. Ashike kazi pamoja na wenyeji wake. Lakini katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita msemo huo sasa unahitaji nyongeza moja. Jembe analopewa mgeni lina kibali chake, na mtu anayempa mgeni jembe bila kibali hamsaidii, bali anamtia kitanzini.

Mgeni ninayekusudia kumzungumzia si yule mwenye mitambo na mtaji. Huyo ana wanasheria wake. Namzungumzia mwanafunzi wa chuo kikuu: kijana kutoka Burundi, Rwanda, Uganda au Kongo anayesoma katika vyuo vyetu, na ambaye likizo inapofika huja Kahama au Geita kutafuta mafunzo kwa vitendo. Namzungumzia pia mtafiti kijana kutoka Ulaya au Marekani anayekuja Nyarugusu au Rwamgasa kuchunguza jinsi wachimbaji wadogo wanavyotumia zebaki. Na kabla sijamaliza nitamzungumzia mtoto wetu wenyewe, aliyekwenda kusoma ng'ambo, kwa sababu huko naye ni mgeni.

Ndugu zangu, ugeni wa masomo si jambo jipya kwetu. Mwalimu mwenyewe alisoma Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1943, kisha Edinburgh kuanzia mwaka 1949. Kati ya mwaka 1963 na 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kijana wa Usukuma aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na kijana wa Uganda au Kenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kwa hiyo tunapompokea mwanafunzi wa jirani leo tunalipa deni la zamani, wala hatumfanyii hisani.

Hata hivyo, deni hulipwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Ziko ruhusa tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ruhusa ya kuingia nchini, ambayo kwa baadhi ya wageni huitwa viza. Ya pili ni ruhusa ya kukaa. Ya tatu ni ruhusa ya kufanya kazi. Ya kwanza ni mlango, ya pili ni kitanda, ya tatu ndiyo jembe. Aliyefunguliwa mlango hajapewa kitanda, na aliyepewa kitanda hajapewa jembe.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 iliweka hati za ukaazi katika madaraja matatu. Daraja la A ni la mtu aliyekuja kuendesha shughuli zake mwenyewe. Daraja la B ni la mwenye ajira maalumu. Daraja la C ndilo humwingiza mwanafunzi, mtafiti, mfanyakazi wa kujitolea na wengine wa namna hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, ambayo iliweka suala zima la vibali vya kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi. Kwa sheria hiyo, kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi ni kosa, na mgeni anayekubali ajira hiyo naye ana kosa. Haijalishi kwamba hati yake ya ukaazi ni halali na ada ya chuo imelipwa yote.

Wako wanaodhani kwamba raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki na mambo haya. Hapana budi tulisahihishe jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini tarehe 20 Novemba, 1989? La, ndugu zangu, ni mwaka 2009, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010. Nimeutaja mwaka usio wake kwa makusudi, ili tukumbuke kwamba jambo hili ni la juzi tu na bado tunajifunza kulitumia. Itifaki hiyo ilimfungulia raia wa nchi mwanachama mlango bila viza, na kanuni zake zikamtambua mwanafunzi kwa pasi yake. Lakini haikufuta kibali cha kazi. Mfanyakazi kutoka nchi mwanachama bado anatakiwa kukiomba, naye aliyekuja kwa pasi ya mwanafunzi amekuja kusoma. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo kijana wa Bukavu anayesoma kwetu leo ni mwana-Jumuiya kamili, na bado jembe lake lina kibali.

Nitawapa mfano mmoja ninaoujua vizuri. Nilipokuwa chuo kikuu nilikaa chumba kimoja na kijana kutoka nchi jirani aliyekuwa akisoma jiolojia. Likizo ndefu ilipofika, kampuni moja ya kutafuta madini ilimchukua kwenda porini, upande wa Kahama, kupanga na kuandika sampuli za miamba iliyochorongwa. Alilipwa mshahara. Kabla ya kwenda alimwuliza mtumishi mmoja wa serikali kama hati yake ya mwanafunzi inatosha. Mtumishi yule hakufungua kitabu chochote, wala hakumwelekeza kwa mwenye kujua. Alimjibu kwa mdomo: "Nenda tu kijana, hakuna tabu."

Tabu ilikuja wiki ya tano, pamoja na wakaguzi. Kampuni ilikuwa na wakili, na yule mtumishi hakuwa ameandika neno lolote. Mwenzangu peke yake ndiye aliyekuwa na la kujibu. Aliondoka nchini kabla muhula haujafunguliwa, na kitanda cha pili katika chumba chetu kilikaa kitupu mwaka mzima. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu apate shahada yake. Hakuwa mwizi wala mlanguzi. Aliuliza, akajibiwa vibaya.

Ndugu watumishi, hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Mwanafunzi mgeni haanguki kwa sababu ya ukali wa sheria. Huanguka kwa sababu ya jibu jepesi la mtu aliyekaa nyuma ya meza. Zamani tuliuita ugonjwa huu umangimeza, tukidhani una sura moja tu, ile ya afisa anayemfokea mwananchi na kumwambia njoo kesho. Kumbe una sura ya pili iliyo hatari zaidi, ya afisa anayetabasamu na kutoa ruhusa ambayo si yake kuitoa.

Basi tufanye nini? Mwanafunzi mgeni anapofika mbele ya meza yako, iwe ni ofisi ya kata, ya halmashauri au ya mkuu wa shule, muulize maswali matatu. La kwanza: wewe ni raia wa nchi gani? La pili: umekuja kufanya nini hasa? La tatu: hati yako inakwisha lini?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Ikiwa amekuja kufanya utafiti, sharti awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ikiwa utafiti wake unagusa afya za watu, kama ule wa zebaki katika damu za wachimbaji, suala la maadili hupelekwa kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ikiwa amekuja kwa mafunzo kwa vitendo, awe na barua ya chuo inayotaja mahali na muda, na chuo kiulize Uhamiaji na Ofisi ya Kazi kwa maandishi kabla hajapanda basi. Ikiwa anataka mshahara, mwambie waziwazi kwamba hati ya mwanafunzi haitoshi. Mwajiri ndiye anayepaswa kumwombea kibali kwa Kamishna wa Kazi, ndipo ukaazi wake nao ubadilishwe. Na ikiwa amealikwa kutia fedha katika duara au karasha la rafiki yake, mkumbushe kwamba leseni ndogo ya uchimbaji ni ya raia wa Tanzania, na kwamba urafiki si leseni.

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni uchoyo. Sikubaliani nao. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aoneshe kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na kwamba anao mpango wa kumrithisha mzalendo kazi hiyo. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini nazo ziliwapa wananchi nafasi ya kwanza katika ajira. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Watoto waliozaliwa Kakola na Nyankumbu miaka hiyo leo wana shahada mkononi, na wanasimama langoni. Kuwalinda hao si kumchukia mgeni.

Lakini sheria ikishikwa na mkono wenye chuki huumiza. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu walioonekana kuwa wahamiaji haramu waliondolewa nchini. Wengine walikuwa wameishi humu miaka mingi, wameoa na kuzaa. Tulijifunza kwamba mtu anaweza kuwa jirani mwema kwa miaka ishirini na siku moja akaulizwa karatasi asiyokuwa nayo. Kwa hiyo nawasihi: msimtambue mgeni kwa pua yake wala kwa lafudhi yake. Mtambueni kwa hati, na kama hati ina kasoro mwelekezeni mapema kunakohusika. Na yule anayegeuza kasoro hiyo kuwa mradi wa kujipatia chai anauza heshima ya nchi kwa bei ya sahani ya wali.

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili. Wako wazazi katika mikoa yetu wanaouza ng'ombe ili mtoto akasome ng'ambo. Wakala huwaambia: lipeni ada ya mwaka wa kwanza tu, iliyobaki mtoto ataifanyia kazi hukohuko. Mzee anaamini, zizi linabaki tupu. Ukweli ni kwamba kila nchi ina jembe lake na kibali chake. Nchini India viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi ya mshahara. Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nchini Marekani mwenye viza ya mwanafunzi hufanya kazi ndani ya eneo la chuo, nako ni saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Akitaka kutoka nje ya chuo ni lazima apate ruhusa kwanza. Saa hizo zaweza kumnunulia chakula. Kumlipia ada yote ni ndoto.

Ndugu walimu, mzazi huyo hamwendei balozi. Anakuja kwenu, kwa sababu ninyi ndio wasomi wa kijiji. Anapokuja na karatasi ya wakala, isomeni pamoja naye mstari kwa mstari. Mwulizeni: ada ya mwaka wa pili itatoka wapi? Swali hilo moja laweza kuokoa zizi zima, na laweza kumwokoa mtoto asije akafanya kazi kwa kujificha katika mji wa watu, akiogopa kila mlio wa kengele ya mlango.

Namalizia nilikoanzia. Hatuufuti msemo wa wahenga. Mgeni apewe jembe, nasi tufurahi kumwona akilima pamoja nasi. Lakini kabla hajalishika, mmoja wetu amwambie ukweli wote, kwa upole na kwa maandishi. Na pale tusipojua jibu, tuseme hatujui, kisha tumpeleke kwa anayejua. Mwenzangu wa chumba kimoja hakuhitaji kupendelewa. Alihitaji mtumishi mmoja tu wa kumwambia: "Subiri kijana, hebu tuulize kwanza."